Sahani ya Kulwa

Juzi mwanangu alinikalisha barazani kwetu hapa Katoro nimsikilize akirudia baolojia. Yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa unakaribia, na daftari lake limejaa rangi utadhani kadi ya harusi. Akaanza na seli, utando wake, kiini, kisha hatua za seli kujigawa. Bodaboda zinapiga honi barabarani, mimi nachambua mchele. Alipofika katikati akaruka hatua moja. Niliisikia kabisa, lakini sikumsahihisha. Nilikuwa nimeinua kichwa nasubiri mtu mwingine amsahihishe, na nyumbani tuko wawili tu, mimi na yeye. Ngoja nikueleze vizuri, maana ukisikia nusu utaniona nina kasoro.

Nimelelewa na bibi, mama yake mama, kijiji kimoja nje ya Ibadakuli, ambako ndege ikipita chini kuelekea uwanjani tulikuwa tunaacha kila kitu tunatazama juu. Nilizaliwa pacha. Sisi Wasukuma pacha hatusumbui watu kututafutia majina: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, basi. Kulwa wetu alikufa kwa homa kabla hatujaanza kutembea. Mama alikuwa machimboni Geita anapikia wachimbaji, na aliporudi alikuta mtoto mmoja. Mimi ndiye Doto. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo cheti changu cha kuzaliwa kinavyosema mpaka leo.

Lakini kwa bibi tulikuwa wawili. Alipopakua ugali alinipakulia mimi, kisha akapakua kidogo kwenye sahani ya bati yenye ua jekundu, ya Kulwa. Hata matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa ambavyo ukivitafuna taya zinachoka, Kulwa alipewa viwili. Asubuhi bibi alisalimia mara mbili. "Mwangaluka, Doto," nami naitikia. "Mwangaluka, Kulwa," halafu ananyamaza kidogo, muda ule ule ambao mtu angeutumia kuitikia, ndipo anashika ufagio. Sikuogopa, kwa sababu nilizaliwa nikayakuta. Watoto wenzangu walikuja kucheza kwetu siku moja, wakaona ile sahani imewekwa mbele ya kigoda kitupu, hawakurudi tena. Chakula chenyewe nilikimaliza mimi. "Malizia cha mwenzio," bibi alisema, na mimi nikawa kibonge kweli kweli.

Nilipofika kidato cha nne bibi alikuwa mgonjwa. Miguu ilivimba na pumzi zilimkatika akitoka tu jikoni hadi bandani. Kila alasiri, nikishateka maji, tulikaa uani juu ya ngozi ya ng'ombe, yeye anakata viazi vibichi vya kuanika, vya michembe, mimi narudia masomo kwa sauti. Somo lilikuwa la Kiingereza na bibi anajua Kisukuma na Kiswahili cha sokoni, kwa hiyo kila kitu nilikieleza upya. Seli nilimwambia ni kama boma: utando ndio ua wa miiba, unachagua nani aingie na nani abaki nje, na kiini ndiyo nyumba ya mwenye boma, ndani yake yamewekwa maagizo yote. Bibi aliitikia "ehee" na kisu hakisimami. Mpaka leo nasema mwalimu alinipa maneno, ila kuelewa nilielewea pale kwenye ngozi.

Siku moja nikataja hatua za seli kujigawa, upesi upesi, nikitaka nimalize nikapumzike. Bibi akasema bila kuinua uso, "Mwenzio anasema umeruka." Nikafungua daftari. Nilikuwa nimeruka kweli. Bibi hajui kusoma hata jina lake. Nikajiambia amenisikia mara nyingi, ameshika mfuatano tu. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye mada mpya kabisa, jinsi maagizo yanavyonakiliwa na kutumika kutengeneza protini, ndiyo kwanza naisoma. Nikakosea. "Mwenzio anasema si hivyo," akasema bibi, akatupa kiazi kwenye ungo.

Ikafika siku ya vinasaba.

"Kwa hiyo hayo maagizo yamo katika kila seli?" bibi akauliza.

"Kila moja."

"Ya mtu mwenyewe. Si ya mwingine."

"Yake, tangu tumboni mpaka kufa."

"Basi mwalimu wenu akikutazama kwa kile chombo cha kukuzia vitu ulichonisimulia ataona wewe ni yupi."

Nikacheka. "Yupi kati ya nani na nani, mke mwenzangu?" Ndivyo tulivyotaniana siku zote. Safari hii hakunitania. Kisu kilisimama.

Akanieleza kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni. Tulikuwa tunafanana mno, hata mama alitutambua kwa shanga za mkononi: Kulwa nyeusi, Doto nyeupe. Homa ilitushika wote kwa siku moja. Bibi akachemsha majani, akatuvua shanga zisiharibike, akaziweka dirishani, akatuogesha katika beseni moja. Mmoja akakata roho mikononi mwake, mchana kweupe. Alipiga yowe, majirani wakaja, jirani mmoja akauliza ni yupi, na bibi akasikia mdomo wake unasema Kulwa. Yule jirani akachukua shanga nyeupe akanifunga mimi.

"Sijui kama nilimtambua au nilitamka tu," akasema. "Nimempa Kulwa chakula miaka yote hii. Kama aliyelala pale ni Doto, basi hajawahi kula kwangu hata tonge. Na mimi siku zangu zimebaki chache, nitamkuta huko. Nitamwita nani?"

Nilimwonea huruma, na papo hapo nilijitazama mikono yangu nikaona ya mtu nisiyemjua.

Shuleni hadubini ilikuwa moja, na mwalimu wa baolojia aliibeba amefunika kitenge kana kwamba ni mtoto mchanga. Siku ya vitendo tulikwangua ndani ya shavu kwa kijiti, tukapaka kwenye kioo, tukadondoshea rangi ya bluu. Zamu yangu ilipofika nikainama. Zilikuwa zimetawanyika, bapa bapa, kila moja na kidoa chake cheusi. Katikati mbili zilikuwa zimelaliana, ukingo wa moja juu ya nyingine, sawasawa kwa kila kitu. Nilizitazama mpaka wenzangu wakaanza kunung'unika. Nikamuuliza mwalimu kuhusu pacha wa kufanana. Akasema wanatokana na yai moja lililojigawa, maagizo yao ni yale yale, na kipimo cha kawaida hakiwezi kukuambia huyu ni yupi. "Andika hilo," akasema, "likitoka ni alama za bure." Nikaandika.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimeshaamua. Bibi alikuwa ananisubiri getini, na hakuwa na kawaida hiyo.

"Umeona?"

"Nimeona, bibi. Mimi ni Doto."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Haya, mayu," akasema, yaani haya mama, akageuka kwenda jikoni. Nilifurahi, nikaona nimemtua mzigo.

Kesho yake nikakaa kwenye ngozi nikarudia. Nikakosea mahali, bibi akaitikia "ehee". Siku ya tatu nikaruka hatua kwa makusudi. "Ehee." Sahani ya ua jekundu iliendelea kupakuliwa na salamu za asubuhi ziliendelea kuwa mbili, ila baada ya ile ya pili bibi hakunyamaza tena kusubiri. Alishika ufagio palepale. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Uani palikuwa pakubwa mno. Nilijiona nimemfukuza mtu kwa uongo wangu, na usiniulize nani.

Asubuhi ya mtihani wa baolojia bibi aliomba atolewe nje aote jua. Niliinama kumuaga. Akanishika mkono, pale pale shanga inapofungwa, akanitazama usoni. Hakutazama kigoda wala mlango, alinitazama mimi.

"Kulwa," akaita.

"Abee," nikaitika. Sikuwaza. Ilinitoka tu, kama mtu anayeitwa jina lake.

Akatikisa kichwa polepole, akaniachia. "Nenda kafanye mtihani wako."

Nilifanya, na nilifaulu vizuri, ndiyo maana leo nashinda maabara ya zahanati nimeinamia hadubini. Mchana ule niliporudi nilikuta uani kumejaa watu, na kigoda cha Kulwa amekikalia jirani.

Sasa nyumba ile imeshabomoka, mvua imezinyeshea kuta mpaka zimekuwa kichuguu. Matobolwa nanunua sokoni, kwenye mfuko wa plastiki. Yote hayo naweza kuyavumilia. Kinachoniuma ni kwamba alikuwepo mtu mmoja tu aliyeyaita majina yote mawili, na tangu aondoke moja halijaitwa tena, na huenda ndilo langu.

"Mama, mbona kimya? Nimekosea?" mwanangu akauliza juzi pale barazani.

"Umeruka hatua. Anza tena."

Akaanza tena, akazitaja zote sawasawa. Wali ulipoiva nikapakua. Sahani yake, yangu, na mkono ukateremsha ile ya bati yenye ua jekundu niliyoihifadhi kabatini miaka yote. Niliiweka mezani ikiwa na wali, nikafungua mdomo niite, nikakuta sijui nimwite nani.