Chupa ya Baba Mkwe

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka damu inanichemka mpaka leo. Nasikia umepata kazi ya kukusanya vipimo vijijini, ndiyo maana nimekuita ukae hapa.

Miaka ile soko huria lilikuwa limefunguliwa, makampuni yanamiminika upande wetu wa Manyoni kutafuta urani. Akaja pia mtaalamu mmoja, anataka kujua madini hayo yaliyomo kwenye maji yanapita wapi mwilini. Alinichorea mtu kwenye karatasi, na mishale: yanaingia mdomoni, yanafika kwenye damu, mengi yanatoka na mkojo, mengine yanabaki kwenye figo, mengine yanajificha kwenye mifupa miaka na miaka. Kompyuta yake ikipewa vipimo vya mkojo, alisema, itapiga hesabu ya yaliyobaki ndani. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, basi nikapewa chupa nigawe na kukusanya.

Mtu ambaye mtaalamu alimtaka kuliko wote alikuwa baba mkwe wangu, maana ndiye aliyekunywa maji ya kisima chetu tangu utoto. Wengine wengi walihamia. Sasa niambie, mimi ninayemsalimia mzee yule nimepiga magoti, macho chini, nimwombe mkojo? Thubutu! Mume wangu, ambaye angeweza kumwomba baba yake, alikuwa safarini. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaijaza chupa mkojo wangu mwenyewe, nikaandika jina la mzee. Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kutoka kwetu Mkiwa kumuuguza mama, mwezi mzima sijaonja maji ya kisima kile.

Baada ya miezi kadhaa mtaalamu akarudi anacheka. Mwili wa mzee hauna cha kutisha, anasema, kwa hiyo kisima hakina neno, kunyweni tu. Baba mkwe akamsikiliza mpaka mwisho, akasema yeye hajampa mtu yeyote mkojo wake. Kisha akanigeukia.

"Aibu ni yako peke yako, binti. Maji ni ya kijiji kizima."

Nikakiri pale pale, nalia. Mtaalamu akafoka, na hilo nalo linaniudhi mpaka kesho. Msomi mzima, kachora mishale yote ile, hakuuliza hata mara moja nani kwetu anaweza kupokea mkojo wa nani! Lakini chupa niliijaza mimi. Mume wangu aliporudi akapeleka nyingine, ya mzee kweli, na kompyuta ikasema mengine kabisa. Kisima kikafungwa. Miezi yote ile ya katikati watoto walikuwa wanakunywa, na mimi ndiye niliyekuwa nawachotea.

Kwa hiyo nisikilize. Ukishindwa kumwomba mtu, rudisha chupa tupu, sema nimeshindwa, atumwe mwingine. Usitoe jibu la mwili usio wake. Na bosi wako akikutuma bila kuuliza desturi za watu, mwambie usoni, usiogope elimu yake. Mungu akulinde huko uendako, akupe ujasiri wa kusema mapema kile nilichokisema mimi watoto wakiwa wameshakunywa.