Mia ya Kasulu

Kwa miezi mitatu Ghati Chacha alikwama kwenye tisini, na kwa kuwa alikuwa Mkurya wa Tarime asiyejua kulalamika kwa sauti ya chini, nusu ya mji wa Kasulu ilijua. Wauguzi wenzake walijua. Akina mama wa kliniki walijua, ingawa wengi hawakuelewa hiyo tisini ni ya nini, wakawa wanampa pole tu ili wasikosee.

Tisini ilikuwa kilo. Mwaka huo wa 2014, nyuma ya karakana ya Nathaniel ya kuchomelea vyuma, palikuwa na jimu isiyo na kioo wala feni. Ilikuwa na sakafu ya mbao za mkaratusi, benchi mbili, bomba nene la chuma, na mawe ya duara ya zege yaliyotobolewa katikati ili yavishwe kwenye bomba. Ghati aliletwa Kasulu na serikali kuwapima watoto na kuwachanja. Siku moja alipeleka kitanda kikachomelewe mguu, akawaona vijana wakinyanyua, akaomba kujaribu. Kitanda alikuja kukikumbuka baada ya wiki mbili.

Alichokipenda kilikuwa kitu kimoja: kuinama, kulishika bomba lililolala chini, na kusimama nalo mpaka magoti yanyooke. Kulikuwa na kuchuchumaa na mzigo begani na kuusukuma ukiwa umelala chali, na hayo aliyafanya kwa sababu yamo kwenye mchezo, lakini kule kusimama na bomba mkononi kulimpa raha ambayo hakuweza kumweleza mtu. Dunia ilimkalia sawasawa.

Sasa, Siku ya Nane Nane yangefanyika mashindano Kibondo, na kwa mara ya kwanza wanawake walitengewa kundi lao. Nathaniel, ambaye alikuwa kocha kwa sababu paa lilikuwa lake, aliweka sharti moja: anayetaka kiti kwenye gari la kwenda Kibondo asimame na mia mbele ya wenzake, mwisho Jumamosi ya kabla ya safari. Wanaume wote waliokuwa wanakwenda walishaivuka. Ghati peke yake ndiye alikuwa bado, na Kibondo aliitaka mpaka akawa anaiota, kwa hiyo ile tisini ilimkera kama jino bovu.

Si kwamba hakuhangaika. Alianza na programu ya Nathaniel, ambayo ilikuwa fupi: nyanyua mpaka ushindwe, kesho urudi. Ikampa nguvu haraka, kisha ikamnyima. Akaenda kwenye kafe ya intaneti karibu na stendi, akachapisha programu nyingine yenye jedwali. Unatafuta uzito wa mwili wako, jedwali linakwambia uanze na kilo ngapi na uongeze ngapi kila wiki. Ghati alijipima kwenye mizani ya hospitali, akapata sitini na saba, akaanza pale jedwali liliposema, akaifuata kama anavyofuata ratiba ya chanjo. Wiki za mwanzo alihema. Zilizofuata alishindwa. Alirudi nyuma, akajaribu tena, akashindwa palepale. Nyonga zikaanza kumuuma kila alipoinama kumnyanyua mtoto wa mtu.

"Hiyo ni ya Wazungu," alisema Didas, mwenye nguvu kuliko wote pale jimu, kijana wa kijiji cha Kitanga aliyekuwa anachana mbao. "Wao wanakula mayai sista, wewe unakula lishe ya wagonjwa. Ongeza ugali wa muhogo."

Akaongeza ugali. Akaongeza maharage. Akachapisha programu ya tatu, halafu ya nne, akawa anabadilisha programu kama watu wanavyobadilisha waganga. Tisini haikusogea hata unywele.

Mwezi wa sita akapelekwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwenye zoezi la chanjo ya surua. Kwenye meza ya kunawia mikono alisimama Mkongo mmoja mtu mzima, mabega mapana, jina lake Prudence, mhamasishaji wa usafi. Alimwona Ghati akibeba kasha la barafu kwa kukunja magoti na kunyoosha mgongo, akatabasamu.

"Sista, weye unafanyaka haltérophilie," alisema.

Kumbe huko Uvira, kabla ya vita kumtoa kwao, Prudence alikuwa kocha wa wanyanyuaji. Ghati alimpenda palepale. Wakati wa chakula alimweleza yote: programu nne, nyonga, tisini, Kibondo. Prudence alisikiliza huku akitafuna.

"Nguvu uko nayo. Ile programme njo inakuua. Kila siku poids nzito, repos hakuna, kupumzika hakuna. Misuli inajengwaka saa ile umelala." Akafikiri kidogo. "Na ile mawe, nani aliipima?"

"Kocha wetu. Waliweka ubao kwenye gogo, upande huu gunia la maharage, upande ule mawe kumi, wakawa wanakwangua zege mpaka ubao ukakaa sawa. Gunia ni kilo mia, kwa hiyo kila jiwe ni kumi. Bomba nalo wakalilinganisha na jiwe moja, likatoka kumi."

"Na weye, ulijipima kwa nini?"

"Kwa mizani ya hospitali."

Prudence alicheka mpaka akaegemea pipa la maji ya klorini. "Basi uko na mizani mbili na programme moja, sista. Njo shida yako. Enda upime jiwe."

Ghati hakulala vizuri kwa hamu. Keshokutwa yake, alipotoka kazini, alipita karakana, akakuta Nathaniel ameenda kununua vyuma, akachukua jiwe moja. Namna ya kulibeba mpaka kliniki ilimsumbua kidogo, kisha akafanya alichokuwa anawaona akina mama wakifanya kila siku: akaliweka mgongoni, akafunga kanga mbili, akashika njia.

"Mwidiwe, mama," walimsalimu wauza ndizi kwa Kiha. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mtulivu sana."

Bibi mmoja alimsogelea na kufunua kanga pembeni ili amwone mgeni. Alilitazama lile zege lenye tundu katikati, akamtazama Ghati, akairudisha kanga polepole kwa huruma yote aliyokuwa nayo. Ghati hakuwa na nafasi ya kueleza. Alikuwa karibu kukimbia.

Kliniki ilikuwa imeshafungwa, amebaki Stumai, muuguzi mwenzake wa Bagamoyo, anakunja mashuka. Mizani ya watoto ilining'inia kwenye boriti na kile kikaptula chake cha kumtia mtoto.

"Shoga, umezaa lini?" Stumai aliuliza.

"Nisaidie kumtia."

Wakalitia jiwe kwenye kikaptula. Mshale ulitikisika, ukapita kumi bila hata kuisalimia, ukatulia kwenye kumi na mbili. Wakalitoa, wakalirudisha. Kumi na mbili. Wakapima pakiti mbili za sukari ya chai ya wafanyakazi ili waone kama mizani inasema kweli, ikasema kilo mbili.

"Angekuwa mtoto," Stumai alisema, "ningemwambia mama yake aendelee hivyohivyo."

Ghati alikaa chini kwenye sakafu ya kliniki. Aliihesabu tisini yake kwa vidole, bomba na mawe manane, kila kimoja kumi na mbili. Mia na nane. Miezi mitatu alikuwa anajiona mnyonge na kumbe mia ya kweli alishaivuka zamani bila mtu kumwambia. Furaha ilimpanda kifuani kwa nguvu mpaka akacheka na machozi yakamtoka pamoja.

Nathaniel hakuamini mpaka alipoletwa mwenyewe mbele ya mshale. Aliutazama muda mrefu, mikono kiunoni.

"Lile gunia alituazima baba mdogo, kutoka Rungwe Mpya," alisema.

"Lilikuwa na kichwa?"

"Sista, magunia yote yana kichwa."

Hapo ndipo penyewe. Kule mkulima hauzi gunia lililoishia mdomoni. Mnunuzi anataka lijazwe mpaka limwagike, kisha lishonewe kamba juu liwe na kilima, ndiyo lumbesa hiyo, halafu bei inabaki ya kilo mia. Watu wameizoea dhuluma hiyo mpaka wakasahau kwamba ni dhuluma. Gunia ni mia, basi, hata mtoto wa shule atakwambia. Kila mgongo uliowahi kulipakia kwenye lori unajua si kweli, lakini nani aliwahi kuuuliza mgongo? Nathaniel na wenzake walichukua lumbesa wakaifanya kipimo, kisha wakajilaumu kwa udhaifu.

Jioni hiyo jimu ilikuwa kama harusi. Kila mtu alikuwa anajihesabia upya, na kila mtu alikuwa ameongezeka. Nathaniel akasema kwamba kwa hesabu hiyo sista ameshavuka mia, kiti chake kipo.

"Hapana," alisema Didas.

Wakamgeukia. Didas hakuwa na ubaya usoni, alikuwa anajipangusa vumbi la mbao. "Sisi wote tulisimama na mia ya hapa. Bomba na mawe tisa. Sharti halikusema mizani ya watoto. Nikimwonea huruma leo, Kibondo watasema tulimbeba."

Ghati alitaka kumrukia. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Kisha akaona kwamba Didas amesema kweli, na kwamba yeye mwenyewe angesema hivyo hivyo kama angekuwa upande ule, jambo ambalo lilimuudhi zaidi.

"Bomba na mawe tisa," alisema. "Jumamosi ya mwisho. Usikose, Didas."

Zilibaki wiki sita na kitu, na Ghati alizifurahia kuliko wiki nyingine zozote alizowahi kuishi Kasulu. Alilirudia lile jedwali la kwanza, maana halikuwa na kosa. Safari hii alianza kwa kilo za kweli, mzigo mwepesi hata akaona haya. Siku tatu tu kwa wiki alifanya mazoezi, siku nyingine alipumzika kama Prudence alivyomwagiza, na kupumzika ndiko kulikomshinda zaidi. Tatizo lilikuwa kuongeza kidogo kidogo, kwa sababu jiwe dogo kuliko yote lilikuwa nusu, kilo sita. Basi aliokota chupa za maji, akazijaza mchanga, akazipima kliniki moja moja mpaka kila chupa ikawa kilo kamili, akawa anazifunga kwenye bomba kwa mpira wa baiskeli. Wanaume walimcheka siku mbili. Siku ya tatu Nathaniel alimwomba chupa nne.

Nyonga ziliacha kuuma. Kila wiki chupa ziliongezeka na kila wiki alisimama nazo. Wiki moja alizidisha kwa kiherehere, mgongo ukamkaza, naye badala ya kulazimisha akatoa mzigo, akarudi hatua moja, akaanza tena. Ghati wa zamani asingefanya hivyo. Wiki ya mwisho hakugusa kitu kabisa. Alipima watoto, alilala mapema, na alikuwa mkali kwa kila mtu kwa sababu ya nguvu zilizojaa mwilini bila kazi.

Jumamosi ilipofika, Didas mwenyewe ndiye aliyevisha mawe. Tisa, manne na nusu huku, manne na nusu kule, kisha akafunga chupa moja ya mchanga kila upande.

"Hapo umezidisha," Nathaniel alisema.

"Acha," alisema Ghati.

Aliinama. Alivuta pumzi mpaka tumboni. Bomba halikutoka, na kwa nukta hiyo moja aliogopa kweli kweli. Kisha likatoka, likapanda polepole kwenye miundi, likapita magoti, na Ghati akasimama nalo, mrefu, akimtazama Didas machoni. Didas aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea mzigo.

"Kiti cha mbele," alisema. "Mimi nitakaa nyuma na vumbi."

Na vumbi lilikuwepo, njia yote mpaka Kibondo. Uwanjani walikuta vyuma vya kweli, vyeusi, vyenye namba zilizochongwa, na bomba linalong'aa kama sufuria mpya. Katika kundi la wanawake, mtu alipewa nafasi tatu. Karani alimwuliza Ghati aanze na ngapi.

"Mia," alisema.

Wanawake wengine walikuwa wameanzia sitini. Alipoinama na kuvuta, alivuta kwa nguvu ile aliyoizoea, na chuma kikaruka juu kana kwamba kuna mtu alikuwa anakisukuma kutoka chini. Karibu aanguke kwa nyuma. Watu walicheka, kisha wakaacha. Mwamuzi mkuu aliinua mkono, akasema hapana, haiwezekani, vyuma vimehesabiwa vibaya, vipelekwe vikapimwe.

Wakaviburuta mpaka kwenye mizani ya mazao pembeni ya uwanja, na watu wote wa Kasulu wakafuata nyuma, kwa sababu katika uwanja mzima wao ndio waliokuwa na haja ya kuona. Mwamuzi alisogeza kile kijiwe cha mizani, akakisogeza tena. Mia kamili.

Nathaniel alichuchumaa akaitazama, uso wake karibu na ule mkono wa mizani. "Kumbe mia yenyewe ndiyo hii," alisema polepole. Didas aliweka kiganja juu ya chuma kimoja.

Ghati alikuwa ameshageukia kwa karani. "Niandikie mia na ishirini."

"Dada, hiyo umeshawahi kuinyanyua?"

"Kwetu," alisema Ghati, "hiyo inaitwa mia."