Maksi za Debe Moja

Chuo cha ualimu kilikuwa na sheria moja iliyoninyima raha: ukianguka mtihani wa kuingia mara mbili, basi, hutaitwa tena. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nimerudi kwa wazazi wangu kwenye shamba la mzungu huko juu ya Njoro, na kazi niliyopewa ilikuwa kukamua ng'ombe. Nilitaka ualimu kuliko kitu chochote. Nilitaka suruali ndefu ya khaki, baiskeli, na watoto wasimame nikiingia. Kufundisha kwenyewe sikuwa nimekufikiria sana.

Kwa hivyo niliapa kutokwenda kichwa kichwa. Mwalimu wetu wa zamani alituazima mimi na dada yangu mdogo karatasi za mitihani iliyopita, na kila Jumapili tukitoka kanisani tulizifanya jikoni kwa mama, kisha tukasahihishiana. Masomo yalikuwa hesabu, Kiingereza, maarifa na Maandiko. Nikaweka kanuni: mwenye kufika maksi sitini aende Nakuru akaandikishe jina. Asiyefika angoje mwaka mwingine.

Kuipata hiyo sitini nilitumia akili ya kazini. Zizini tulimimina maziwa ya ng'ombe wote pamoja, na kiwanda cha siagi kilipima mafuta ya debe, si ya ng'ombe. Tulikuwa na mmoja mkubwa, mwenye madaha, aliyetoa maji matupu, lakini ndani ya debe nani angemjua? Nami nikamimina maksi zangu vivyo hivyo. Maandiko nilipata tisini, maana mama yetu aliomba hata kabla ya kunywa maji. Maarifa themanini. Kiingereza hamsini na kitu. Hesabu tuiache kwanza. Nilijumlisha zote, dada akanisaidia kugawanya kwa nne, na sitini nikaipita.

Yeye alipata hamsini na tano katika kila somo, Jumapili nenda Jumapili rudi.

"Wewe ngoja," nikamwambia kwa huruma ya mkubwa. "Bado hujaiva."

"Na hesabu yako?"

"Hesabu imebebwa."

"Imebebwa na nani?"

"Na Maandiko."

Alicheka mpaka kisu cha viazi kikamtoka mkononi. Baba, aliyekuwa akiota jua mlangoni, akasema lori la maziwa lina nafasi ya watu wawili, basi twende wote. Nilinuna njia nzima. Nilimwonea uchungu mtoto wa watu anayekwenda kupoteza bahati yake.

Matokeo ya mtihani tulisomewa na mwalimu nje ya kanisa. Kumbe chuo hakikujua mambo ya debe. Kila somo lilipimwa peke yake, kwa maksi hamsini, na aliyeanguka moja ameanguka yote. Dada aliingia. Mimi Maandiko yangu yalisifiwa mbele ya watu, kisha ikasomwa hesabu. Wamama walimkumbatia dada, halafu wakanigeukia na ile sauti ya matanga: "Pole, baba." Niliona aibu na wivu kwa pamoja, na wivu ndio uliouma zaidi.

Aliporudi likizo ya kwanza, amevaa sare ya chuo na viatu vya kufunga kamba, alinikuta jikoni na karatasi zangu. Nilikuwa nimebakiwa na nafasi moja tu duniani. Nikamwambia kwa kujigamba kwamba sasa nimefika sitini na sita, na kesho nateremka Nakuru kuandikisha.

"Sitaki jumla," akasema. "Nionyeshe hesabu peke yake."

Nikamwonyesha. Nilingoja acheke, hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi mbele yangu, akaniuliza saba mara nane ni ngapi.

Mwaka huo sikuandikisha jina.