Maji ya Kukanda Wazazi

Wataalamu wa jotoardhi walipokuja kijijini kwetu, upande wa Chemba, niliitwa mimi, binti niliyesoma, kuwatafsiria, maana wazee wetu wengi Kiswahili chao ni cha mnadani tu. Wakasema wanataka tupange pamoja nao pa kuchoronga, yaani kutoboa ardhi kutafuta mvuke. Haya. Wakatandaza ramani mezani, wanaume wakaizunguka, wakaonyesha malisho, makaburi na visima. Wanawake walikaa nyuma kama kawaida, na hakuna aliyeona ajabu.

Alama ya kwanza ya kuchoronga ikawekwa nyuma ya kilima, mahali ambapo mwenyekiti wa kijiji alipaita pori tupu. Nikamwona mama yangu amejishika mdomo.

Pale pana chemchemi ya moto. Mwanamke akijifungua, wenzake humpeleka huko kumkanda mpaka mwili umrudie. Wanaume hawafiki wala hawaulizi, na wanawake hawasemi. Tangu bibi afariki, mkandaji ni mama. Na mdogo wangu alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa, akihesabu siku za kwenda huko.

Nikamfuata mama, nikamnong'oneza aseme. Akanikata jicho. Nikamwambia basi nitasema mimi, akanifinya mkono, na mama yangu jamani ana vidole! Nilichukia kwelikweli. Heshima gani hiyo ya kunyamaza huku unanyang'anywa?

Kalamu ilipoelekea alama ya pili, mama akasimama. Mwenyekiti akamwamkia, akamwomba asubiri zamu ya akina mama. Hakusubiri.

"Marahaba, mwanangu. Hapo unapopaita pori tupu ndipo nilipomkanda mama yako ulipozaliwa wewe."

Alisema kwa lugha yetu. Wanaume wakainamisha macho. Wataalamu wakanigeukia, nami nikatafsiri.

Alama ilihamishwa papo hapo, bila ubishi. Wakapazungushia wino wa kijani na kuandika "eneo la akina mama". Kesho yake mwenyekiti akawapeleka wageni wakapaone, vijana wakafuata nyuma na simu zao, wakapiga picha. Mpaka leo kuna njia iliyokanyagwa vizuri hadi kwenye chemchemi.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike. Nilimuuliza mama tunakwenda lini chemchemini. Akanituma kuni. Nikakata kuni, nikainjika sufuria ya maji, naye akamkanda chumbani, mlango umefungwa.