Kaka, Naomba Njia

Mimi niliishia darasa la saba. Nasema mapema ili anayesoma ajue anasoma habari za mtu aliyejitengeneza mwenyewe. Hapa Maguu nyumba ya kwanza kuezekwa kwa vigae ni yangu. Mashine ya kukoboa kahawa ni yangu, na lori linaloshusha mahindi ziwani ni langu. Vyote vilitoka katika miguu hii miwili. Nilikimbia mita mia nane na mita elfu moja na mia tano, nikavaa fulana ya taifa, nikapanda ndege wakati wenzangu wengi hawajafika hata Njombe.

Kikombe cha mkoa kiko kabatini sebuleni. Mgeni anakiona kabla hajakaa, na mimi humweleza nilivyokipata. Sikuwahi kueleza yote. Mtu mwingine pekee aliyejua yote tumemzika mwaka huu.

Baba yetu alilima ngoro kama Wamatengo wote, mashimo mteremko mzima, na kati ya mashimo matuta membamba ambayo ndiyo njia. Ukimkumba mwenzako pale, anaingia shimoni na jembe lake. Kwa hiyo baba alikuwa na sheria: mdogo hampiti mkubwa njiani. Akiwa na haraka anasema, "Kaka, naomba njia." Mkubwa anasogea na kumwambia, "Pita." Asipoambiwa hivyo, anabaki nyuma hata mvua inyeshe. Mdogo wangu, tuliyefuatana naye kuzaliwa, alikiuka mara moja tu, akiwa na miaka kama sita. Baba alimchapa kwa tawi la mkahawa mpaka mama akaingilia.

Tulipoanza mazoezi ya mbio, sheria ile tuliingia nayo bila kuambizana. Kila asubuhi tulipanda mlima, mimi mbele, yeye nyuma. Nilihema kama mbuzi anayeburutwa mnadani. Nyuma yangu kimya. Kuna siku niligeuka nikidhani kachoka karudi nyumbani, kumbe yuko pale pale, mdomo umefungwa, anacheka na macho. Yule mtoto alikuwa na kifua sijawahi kukiona tena, hata huko nje nilikokwenda.

Mashindano ya mkoa yalifanyika Songea. Tuliambiwa wazi kwamba mshindi wa mita elfu moja na mia tano, mmoja tu, atachukuliwa kambini Dar es Salaam, na kule kuna ajira ya michezo. Wa pili anarudi kulima. Baba alikuja kwa lori la kahawa, kwa mara ya kwanza kutuona tukikimbia. Alisimama karibu na kamba ya kumalizia mbio, kofia mkononi kama yuko kanisani.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipogongwa, nilikuwa mbele. Hilo ni kweli na sitalipunguza. Nilikuwa nimewaacha vijana wa Tunduru na Namtumbo mbali. Lakini miguu ilishakwisha. Tulipotoka kwenye kona ya mwisho nilisikia nyayo za mtu mmoja nyuma yangu, na sikusikia kuhema. Nikajua ni nani.

Njia ilikuwa wazi pembeni yangu, uwanja mzima. Angeweza kupita na kurudi. Badala yake nikasikia sauti ya chini, ya heshima, kama tuko kwenye tuta:

"Kaka, naomba njia."

Sikujibu.

Akasema tena, "Kaka."

Nilitazama mbele, nikamwona baba na kofia yake, nikafunga mdomo. Nilishinda kwa hatua moja.

Waliponinyanyua, mdogo wangu alikuja kunipa mkono. Baba alimuuliza imekuwaje. Akasema kaka ana nguvu. Basi.

Mimi nikaenda kambini. Yeye alilima msimu mmoja, kisha akateremka Chiwanda, kando ya ziwa, akaoa Mnyasa, akawa anaanika usipa, vile visamaki vya ziwani, na kuuza. Miaka mingi sikufika kwake. Nilikuwa na mambo, na baadaye mshipa wa kisigino ulikatika, nikaanza biashara, na mtu wa biashara hana Jumapili.

Mwaka huu shemeji akapiga simu kwamba mume wake ni mgonjwa wa kifua. Kifua, yeye. Nilishuka kwa lori langu. Nilimkuta amekaa mkekani, mbavu unazihesabu, na sasa ndiye aliyekuwa anahema, mimi kimya. Akanipa shikamoo kama zamani, akanitazama tumbo.

"Kaka, umenenepa. Leo ningekupita hata hivi nilivyo."

Nikacheka. Nikamwambia, "Si ungepita tu siku ile."

"Niliomba," alisema. Hakusema kwa hasira. Alinitazama, akangoja.

Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima nikiwa na neno la kumwambia. Lilifika mdomoni. Kisha nikajisikia naanza kumweleza habari za lori, tairi zake, na barabara ya lami ilivyorahisisha mambo. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Wiki ya pili akafa.

Toka nyumbani kwake mpaka makaburini ni njia nyembamba kati ya mihogo. Wazee wa pale walinikabidhi msalaba wa mbao, wakasema mimi ndiye mkubwa wa marehemu, nitangulie, jeneza lifuate. Nikatembea hatua kama kumi. Nyuma yangu nilisikia nyayo za wabebaji tu.

Nikasimama. Nikatoka njiani, nikaingia kwenye mihogo na suti yangu, nikawaambia wabebaji, "Pita." Hawakuelewa. Nikarudia mpaka wakapita.

Mzee mmoja alinishika mkono akamwomba kijana alete maji. Walidhani mtu wa milimani kashindwa na joto la ziwa.