Udongo Mwekundu kwenye Gari la Mwanangu

Marehemu baba yangu hakuwa na haja ya kuwauliza wachungaji wamelishia wapi. Jioni aliinama, akainua mguu wa ng'ombe mmoja, akatazama udongo uliokwama kwenye kwato, akajua. Ubaya huo nimeurithi. Siwezi kumwamini mtu anieleze alikotoka wakati viatu vyake viko pale mlangoni.

Kwa hiyo kaka yangu alipomwachia binti yangu gari lake dogo jeupe, mimi ndiye niliyegoma. Binti alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, Shinyanga mjini, bweni na darasa vinatazamana. Mwanafunzi wa chuo gari la nini? Kaka akasema wanapangiwa mazoezi hospitali za mbali, na si vizuri mtoto wa kike kusimama barabarani akisubiri lifti. Nikamjibu kwamba mtoto wa kike mwenye gari ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu huku kwetu kuna dhahabu, na wenye dhahabu wana macho. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikakubali kwa sharti moja: gari lisitoke Shinyanga, isipokuwa kuja kunisalimia Kagongwa, ninakouza mchele.

Mara ya kwanza alipokuja nalo, akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akaingia ndani kubandika chai. Mimi nikazunguka gari. Mchanga wa Shinyanga ni wa kijivu, na udongo wa majaruba yetu ya mpunga ni mweusi. Huu ulioganda kwenye matairi ulikuwa mwekundu. Wekundu ule naujua, ni wa njia za machimbo kule Segese, na ndio uliommeza mume wangu. Aliaga kwamba anakwenda kujaribu bahati miezi mitatu. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Nilikwangua kipande kwa ukucha, nikakifunga kwenye karatasi, nikakiweka kabatini. Ushahidi.

"Umefika wapi na gari hili?" nilimuuliza tukinywa chai.

"Vumbi la barabarani tu, mama."

Tangu siku hiyo nikawa nampigia simu kila Jumamosi asubuhi, na kila Jumamosi hapatikani. Nikamjenga mwanaume kichwani: kitambi, simu tatu, saa inayong'aa. Nilimchukia kabisa, mtu ambaye sijamwona. Na niliogopa, nasema kweli. Mtaani kwetu wapo wasichana wawili walioanza hivyo hivyo, wakaacha masomo, na wanaume waliowadanganya hawakuonekana tena. Mchele wangu wote wa miaka ile uliingia kwenye chuo cha huyu mtoto. Sikuwa na mwingine.

Halafu akaja Ijumaa moja, akalala nyumbani. Asubuhi, yeye akiwa anaoga, nikafungua mlango wa gari. Kiti cha mbele kilikuwa kimelazwa nyuma kabisa, na juu yake limekunjwa koti la mwanaume.

Nilimngoja hapo hapo, nimelishika.

"Nipe ufunguo. Gari linarudi kwa mjomba wako leo."

Hakulia wala hakubisha. "Nitakupa, mama. Ila leo kuna kwenda kwa daktari. Panda kwanza."

Daktari! Nikapanda, na njia nzima nikawa namtazama tumbo kwa pembeni. Tulipita mbele ya kibanda changu cha mchele, tukashika njia ya Kahama, nikaelewa kwamba Jumamosi zote hizo alikuwa akipita pale nilipokaa. Kahama nayo tukaipita.

"Daktari gani huyo wa porini?"

Lami ikaisha, wekundu ukaanza.

Alisimamisha gari nyuma ya karasha linalosaga mawe ya dhahabu, kelele zake zikitikisa vioo. Kabla hajafungua mlango nilichomoa ufunguo nikaufumbata, ili mtu asinikimbie. Mama mmoja aliyekuwa akifua mbele ya vyumba vya kupanga alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaingia ndani haraka kama aliyenijua. Kisha mlango wa chumba cha jirani ukafunguka, akatoka mwanaume ameshikilia ukuta. Nilimtambua kwa umbo la masikio yake. Vingine vyote vilikuwa vimekwisha.

"Mama watoto," akasema mume wangu.

"Kumbe bado upo."

"Kidogo." Akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akachuchumaa.

Binti yangu alimshika mgongo kwa namna alivyofundishwa chuoni, huku akinieleza bila kunitazama. Alimkuta wodini akiwa mazoezini, akasoma jina kwenye kadi. Vumbi la karasha limejaa kifuani. Kila Jumamosi anampeleka kwa daktari Kahama, maana kwenye pikipiki pumzi inamkatika njiani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinikataza kumtaja nyumbani, mama."

Nilikuwa nimemkataza, kweli. Na hasira nilikuwa nayo, bado ninayo mpaka leo. Nilisimama na ufunguo mkononi mpaka meno yake yakaniuma kiganjani. Yule mwanaume wa kitambi na simu tatu niliyemjenga miezi yote ningejua la kumfanya. Huyu sikujua nimfanye nini.

"Saa inakwenda, mama," binti akasema, akanyoosha mkono.

Nikampa ufunguo. Koti lile nikamvalisha mume wangu mimi mwenyewe, kwa kuwa mikono yake haikufika mgongoni. Nikakaa nyuma. Kiti chake kile kilicholazwa kilinibana magoti mpaka Kahama.

Niliporudi Kagongwa, jirani yangu wa kibandani alinitazama viatu, akatazama tena.

"Mwenzetu, leo umefika wapi?"

"Vumbi la barabarani tu," nikamwambia.