Maji Yaliyomtisha Bibi

Siku bibi mzaa mama aliposhuka kutoka Matombo na ndizi zake naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ya jana nimeshayasahau. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaona maduka ya dawa yanachipuka Morogoro nzima. Vidonge vya maumivu vikawa kama karanga. Bibi naye alikuwa na vyake, kavifunga kwenye pindo la kanga.

Mimi nilikuwa msichana wa maabara chuoni. Tuliyeyusha dawa majini, tukazamisha vijiti viwili vya kaboni na kupitisha umeme kidogo, tuone dawa hugeuka nini ikifika kwenye ini la mtu. Niliipenda kazi ile! Unayatazama maji safi yanaingia rangi taratibu, na upepo wa mlimani unapita dirishani. Naitamani hadi leo.

Siku hiyo bibi akanifuata hadi maabara, nikamwamkia. Akaitikia, macho yake yakiwa kwenye bilauri ya dawa.

"Nini hicho kinageuka kahawia?"

"Dawa yako ya kichwa, bibi. Umeme unaigeuza kama ini linavyoigeuza. Hapo imeshakuwa sumu."

Nikacheka, nikaendelea na kazi. Bibi akapanda zake kurudi Matombo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Haukupita muda, mjomba akanifuata mjini. Bibi ana homa kali, kavitupa vidonge vyote chooni, hata vya malaria alivyopewa zahanati hataki kuviona. Nikaanza kujieleza: mashine yetu hufanya nusu tu ya kazi ya ini. Mwili una kinga yake inayoikamata sumu ile na kuitoa, mradi mtu asizidishe dawa.

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, akisema imekwisha. Akanikata kauli.

"Unaniambia mimi ya nini? Mimi naumwa? Mama umempa nusu, nusu nyingine umekaa nayo huku. Twende."

Njia nzima niliomba tumkute hai. Tulimkuta amejikunyata kitandani, midomo imekauka. Nikamweleza: moshi wa jikoni una pa kutokea, bibi, ila ukijaza kuni kupita kiasi utakushinda. Ini nalo ni hivyo hivyo, na vidonge vya zahanati vina kipimo chake.

Akanitazama sana.

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, bibi."

"Ukaniacha nipande mlima peke yangu na hofu yote hii."

Nililia, mwanangu. Yeye akanyoosha mkono, akaomba maji na vidonge vyake. Alipona, akaishi hadi akambeba mtoto wangu wa kwanza.

Basi sikia. Utasoma kuliko mimi, na mambo ya kutisha utayajua mengi. Ukimwambia mtu jambo la kumwogofya, usinyanyuke mpaka umemwambia na lililobaki. Kama hulijui, mwambie hulijui, lakini kaa naye. Mungu akukuze, akupe elimu, akupe na moyo wa kuwasubiri watu mpaka waelewe. Nenda salama, mwanangu.